Binti wa Mwalimu Kani

Wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Kani kwa sababu mbili, na mwenyewe alizijua zote. Ya kwanza ilikuwa somo lake: miaka nenda miaka rudi alifundisha fizikia, na hakuna mada aliyoipenda kama ile ya kani na mwendo. Ya pili ilikuwa tabia yake. Akishasema lake, limekuwa, hata inyeshe mvua ya mawe. Mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi kuliko sindano yake, alizoea kuwaambia wateja, "Kule shuleni mke wangu anaifundisha kani. Hapa nyumbani anaishika."

Mtoto wao wa mwisho, waliyemwita Kitinda, ndiye aliyemrithi mama yake kwa yote mawili. Kabla hata hajaanza shule alimwona mama akichomoa karatasi chini ya kikombe kwa mkupuo mmoja, kikombe kikabaki palepale mezani. Kesho yake akajaribu mwenyewe kwa kitambaa cha meza, tena kikiwa kimepangwa vikombe vya wageni. Baba mtu akaja mbio kwa kishindo cha vyombo. Mama mtu yeye akachuchumaa katikati ya vigae, akauliza, "Hiki kimoja kilichobaki, unadhani kwa nini hakikuanguka?"

Mtoto akafikiri, kidole mdomoni. "Nilivuta upesi sana. Hakikupata nafasi ya kujua kwamba kitambaa kimeondoka."

Jibu hilo Mwalimu Kani alilibeba kama aliyeokota lulu njiani. Aliwasimulia walimu wenzake mpaka wakamkimbia kila akiingia ofisini.

Basi Kitinda alipomaliza sekondari akiwa kinara wa fizikia, na barua ya chuo kikuu ikaja kumwita akasomee uhandisi, mama yake alikwisha kumvika joho la mahafali mawazoni mwake. Binti naye akaja na lake.

"Mama, mimi nataka kuendesha kreni."

"Kreni gani?"

"Ile ya karakana kubwa ya mashine. Wanatafuta wanagenzi, nimekwenda kuiona. Mama, mzigo mzito kama nyumba unapita hewani, na ni mtu mmoja tu anayeuambia uende wapi."

"Nenda chuo ukajifunze kuiunda hiyo kreni. Siyo kukaa ndani yake kama kasuku tunduni."

"Wa kuziunda wapo, mama. Mimi nataka kuiendesha."

Hapo kani ikakutana na kani, sawa kwa sawa, kinyume kwa kinyume, na hakuna aliyesogea hata unywele. Mwishowe Kitinda akafunga sanduku lake, akaenda kupanga chumba karibu na karakana. Hawakugombana tena, na ingekuwa afadhali wangegombana. Walijuliana hali kwa simu, wakaulizana mafua na malaria, wakaagana. Kazi haikutajwa. Majirani walipouliza habari za kitindamimba, Mwalimu Kani alijibu, "Yuko kwenye mambo ya mashine," kisha akageuzia maneno kwenye bei ya mchele.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo mkuu wa shule alipopanga ziara ya kidato cha tatu, waende wakaone kani na mwendo vikifanya kazi, na akachagua karakana ileile. Hakujua mtoto wa nani yuko huko. Mwalimu Kani akajaribu kumsukumia safari mwalimu wa kemia.

"Ingekuwa ni chumvi na tindikali, ningemtuma yeye," mkuu alisema. "Kani ni zako, Mwalimu."

Asubuhi ya safari mumewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, akimbana pindo la gauni jekundu alilomshonea wiki ile. Alikuwa na pini mdomoni, na hazikumzuia kusema.

"Wazazi wengine wanalia wana wao wako chini. Wa kwako yuko juu, nawe unanuna. Unataka apande wapi tena?"

"Usinichekeshe mapema yote hii."

"Sichekeshi. Nenda ukamwone tu mtoto. Kuona hakuvunji mfupa."

Karakana ilikuwa ndefu na ndefu tena, kana kwamba aliyeijenga alisahau pa kukomea. Paa lake lilikuwa juu sana, na mwanga uliingia kwa vioo vilivyotandwa na vumbi la miaka. Kulinuka oili na chuma cha moto. Mafundi wa kuchomelea walikuwa wameinama upande mmoja, cheche zikiwaruka miguuni; upande wa pili mashine za kuchonga vyuma zilizunguka na kutema nyuzinyuzi za chuma kama nywele za kipilipili. Na juu ya yote hayo, kutoka ukuta hadi ukuta, ilikuwapo boriti kubwa ya rangi ya manjano iliyotembea juu ya reli mbili. Chini ya boriti kilining'inia kibanda cha vioo. Mbele yake iliteremka kamba nene ya waya yenye kulabu kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe.

Msimamizi wa karakana, mtu mfupi mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine, aliwagawia wageni kofia ngumu na kuwapanga nyuma ya mstari mwekundu, kando ya nguzo.

"Hapa ndipo mwisho wenu," alisema. "Na hiki kitufe chekundu hapa kwenye nguzo si cha kuchezea. Ukikibonyeza, umeme wa kreni unakatika, inasimama papo hapo. Ni cha hatari tu."

"Nani yule kule juu?" aliuliza kiranja wa darasa, msichana mrefu ambaye maswali yake hayakuwa na breki.

"Tunamwita Dada wa Juu. Huyo ndiye bora niliye naye, ila msimwambie, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Watoto wakacheka. Mwalimu Kani hakucheka. Alitazama kile kibanda, akaona kofia ya bluu na mikono miwili iliyotulia juu ya vyuma vya kuongozea. Ule mkono wa kulia ukainuka kidogo. Hakuwa na hakika kama amesalimiwa au mtu amejikuna tu, basi akajifanya anaweka sawa kofia yake.

Hapo lori likaingia kinyumenyume, mkia ndani, pua ikielekea mlangoni. Lilikuwa limebeba pampu ya maji, chuma kitupu, kubwa kama kibanda cha mlinzi, miguu minne mipana chini yake. Kijana mwembamba akarukia juu ya lori na kuanza kuifunga minyororo. Kazi yake ilikuwa kufunga mizigo na kumwongoza mwendesha kreni kwa ishara, na kwa kuwa hakuitoa filimbi mdomoni hata akila, wenzake walimwita Filimbi.

"Tazameni," Mwalimu Kani aliwaambia wanafunzi, akiona bora ashike kazi iliyomleta. "Pampu imetulia. Ikiachwa, itatulia hadi kiama. Ikianza kwenda, nayo itataka kuendelea kwenda, njia ileile, mwendo uleule. Kitu chenyewe hakijibadilishi. Nani anakibadilisha?"

"Kani!" darasa zima likajibu.

Minyororo ikakazika, lori likapumua juu ya magurudumu yake. Pampu ikainuka taratibu upande mmoja, lakini mguu wake wa nyuma ukakwama chini ya ukingo wa chuma wa lori. Filimbi akauona. Akapuliza mara moja, fupi na kali, maana yake simama. Kule juu kreni ikasimama.

Ila dereva wa lori naye aliisikia ile filimbi. Alikuwa amekaa kwenye usukani, simu sikioni, hakutazama kioo wala nini. Alidhani ni ruhusa ya kuondoka. Akatia gia, akaondoka.

Lori likaivuta pampu kuelekea mlangoni, na minyororo iliyokuwa imenyooka ikalala mshazari. Filimbi akapepesuka, akaanguka chali karibu na kichwa cha lori, mguu wake ukanasa katika mnyororo wa kufungia mizigo. Ukingo wa lori ukapinda kama bati. Pampu ikachomoka.

Ikaruka kutoka mkiani mwa lori na kuingia ndani ya karakana kama mtoto aliyesukumwa kwenye bembea, ikapita chini ya kulabu, ikaendelea. Dereva kwa kiwewe akakanyaga breki, injini ikazimika. Kila mtu aliona kitakachofuata: pampu itafika mwisho wa bembea yake, itageuka, nayo itarudi ilikotoka. Na ilikotoka ndiko alikolala Filimbi.

"Shusha! Shusha!" mmoja alipiga kelele.

"Simama, usiguse kitu!"

Msimamizi alikwisha kukimbilia lori, akivuta mnyororo ulionasa mguu wa kijana. Na hapo, badala ya kutulia, kreni ikaanza kwenda. Boriti nzima ikanguruma juu ya reli zake, ikaelekea kulekule pampu ilikokuwa ikienda, tena kwa kasi.

"Huyu ana wazimu!" fundi wa kuchonga vyuma alimaka. "Anaisukuma! Zimeni umeme!" Akaacha mashine yake, akakimbilia nguzo yenye kitufe chekundu.

Macho ya Mwalimu Kani yalikuwa juu, kwenye ule mnyororo. Mnyororo ulikuwa mshazari. Mnyororo mshazari haunyanyui tu, unavuta pia pembeni. Huo ndio utakaoirudisha pampu. Kreni ikisimama, mshazari utabaki. Na kreni ikiufuata mzigo, ikaufikia pale unapochoka kwenda, kulabu ikawa juu yake sawasawa? Alikuwa ameona mwanawe anachokitafuta.

"Mfuate," alinong'ona. "Mfuate, mwanangu. Usisimame bado."

Kiranja wa darasa alisikia lile neno, mwanangu, akamgeukia kwa mshangao. Mwalimu Kani hakuwa na habari naye. Fundi alikuwa amefika, mkono umenyooshwa. Mwalimu akavuka mstari mwekundu kwa hatua ambayo magoti yake hayakuwahi kuipiga tangu ujana, akajibandika mgongo kwenye nguzo, kitufe nyuma yake.

"Usiguse!"

"Mama, toka! Mtu atakufa!"

"Atakufa ukiisimamisha! Tazama juu, usinitazame mimi! Tazama mnyororo!"

Fundi akatazama. Kila mtu akatazama. Pampu ilikuwa ikipanda bembea yake, ikipunguza mwendo, na ile boriti ya manjano ikiifuata kwa juu kama mama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Mnyororo ukaanza kunyooka. Pampu ikafika mwisho wa safari yake na, kwa kitambo kidogo kama kufumba jicho, ikatulia hewani. Katika kitambo hichohicho kulabu ikafika juu yake, na kreni ikasimama.

Pampu haikurudi. Ilitikisika, ikazunguka kidogo kama mtu asiyejua aelekee wapi, ikaning'inia wima. Kisha ikateremka, polepole, polepole, mpaka miguu yake minne ikaigusa sakafu bila hata kishindo.

Mashine moja iliyosahauliwa iliendelea kuzunguka peke yake. Kisha mmoja wa wachomeleaji akagonga spana kwenye bomba la chuma, mwingine akajibu kwa nyundo, na mara karakana nzima ikawa inalia vyuma. Wanafunzi wakapiga vigelegele hadi kofia zikawadondoka. Filimbi alishushwa kutoka kwenye lori akichechemea, kifundo cha mguu kimeanza kuvimba.

"Filimbi yangu iko wapi?" ndilo swali lake la kwanza. Walipomwambia imeangukia chini ya lori, akasema, "Basi leo tumepona. Ikae hukohuko."

Fundi wa kuchonga vyuma alikuwa bado amesimama mbele ya Mwalimu Kani, akijifuta jasho kwa kitambaa kichafu. "Mama, nisamehe. Ningekibonyeza."

"Ulikimbia kuokoa mtu, baba. Hakuna kosa hapo." Ndipo alipogundua kwamba bado ameegemea nguzo.

Kitinda alishuka kwa ngazi ya chuma, kipandio kwa kipandio, kama aliyesahau ngazi zinavyoshukwa. Alivua kofia. Uso ulikuwa wa kijivu. Mafundi walimpisha. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye nguzo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mwalimu Kani akamvuta, akamkumbatia na oili yake yote, gauni jekundu likapata alama mbili za mikono mgongoni. Kisha akageuka, mkono mmoja bado begani mwa binti, akalikabili darasa. Sauti aliyoitumia ilikuwa ile ya kufikia dawati la nyuma.

"Mmemwona? Huyu ni binti yangu. Nimemzaa mimi."

"Haa!" alimaka msimamizi. "Kumbe! Ndiyo maana. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Nyoka ni wewe," Mwalimu alimjibu, na karakana ikaangua kicheko, kile kicheko cha watu waliokuwa karibu kulia.

Kiranja hakungoja kicheko kiishe. "Dada, kwa nini hukusimama? Sisi wote tulidhani ungesimama."

Kitinda alimtazama mama yake, kama kumpisha aeleze. Mwalimu Kani akafungua mkoba, akatoa kipande cha chaki, akamkabidhi. "Somo ni lako."

Basi Dada wa Juu akapiga goti kwenye sakafu ya saruji, akachora kulabu, akachora mnyororo, akachora pampu iliyofanana zaidi na kiazi. Wanafunzi wakamzunguka, na mafundi nao wakasogea nyuma yao, wakijifanya wanatafuta vifaa.

"Mimi siwezi kuishika pampu," alisema. "Ingeweza kunivunja kama njiti. Nilicho nacho ni mnyororo tu, na mnyororo unajua kazi moja: kuvuta kuelekea kulabu. Sasa kulabu ikiwa huku na pampu kule, mnyororo unavuta huku. Ndiyo inarudi, tena inarudi na nguvu. Kwa hiyo siigombezi. Naipeleka kulabu ilipo pampu. Ila lazima nifike pale inapomaliza kupanda. Nikichelewa, imekwisha kugeuka. Nikiwahi na kupita, naianzishia bembea nyingine."

"Na mnyororo ukisimama wima," alichomekea mama yake, maana hakuweza kujizuia, "unavuta upande gani?"

"Juu tu!" darasa likajibu.

"Na juu tu ni kani ya kuirudisha pampu nyuma?"

"Siyoo!"

"Basi," alisema Kitinda, akanyanyuka na kujikung'uta magoti. "Ndiyo kazi yangu hiyo, kutwa nzima. Leo tu ndiyo imekuwa na kelele."

Wanafunzi walipopelekwa kunywa soda, mama na bintiye walikaa kwenye benchi la mbao kando ya kabati za nguo. Kitinda alimimina maji, nusu ikaingia kikombeni, nusu chini.

"Uliogopa?" mama aliuliza.

"Sana. Niliweza kumwona Filimbi, na niliweza kumwona yule fundi anakikimbilia kitufe. Nikasema basi, imekwisha. Kisha nikaona gauni jekundu limefunika nguzo." Akanywa. "Ulijuaje kwamba nitaifikia?"

"Sikujua kama utaifikia. Nilijua unachokifanya."

Mama akakichukua kikombe, akamalizia maji yaliyobaki.

"Ningekuja zamani," Mwalimu Kani alisema hatimaye. "Nilishikilia joho. Nilidhani akili yako itaozea kwenye kile kibanda."

"Na mimi ningekualika. Nilikuwa naogopa utakuja, utatazama, utasema ni kazi nzuri, kwa ile sauti unayowaambia waliopata nusu ya alama."

Mwalimu Kani akacheka, akajifuta macho kwa kiganja. Aliijua sauti hiyo.

Msimamizi akapita, mikono mfukoni. Alikuwa amemaliza kusemezana na dereva wa lori, na mishipa ya shingo ilikuwa bado imemsimama. "Mwalimu, kulabu iko tupu na hakuna mtu chini. Mtu akitaka kupanda akaone ofisi ya mwanawe, mimi nitakuwa naangalia upande ule."

"Magoti yangu—" alianza Mwalimu Kani, lakini alikwisha kusimama.

Alipanda akishika kila kipandio kwa mikono miwili, Kitinda nyuma yake akimwambia asitazame chini. Akatazama chini. Kule kibandani kulikuwa na kiti kimoja kilichochakaa, chupa ya chai, na kioo kisafi kuliko vyote vya karakana. Kupitia kioo hicho aliona mafundi, mashine, lori, na ile pampu ikiwa imekaa sakafuni kwa adabu. Wanafunzi walikuwa wametoka na soda zao, nyuso zimeinuliwa.

"Kaa hapa," Kitinda alisema. "Chuma hiki cha kushoto, kidogo tu. Kidogo, mama! Siyo kama unafungua dirisha."

Boriti ikaruka mbele, kulabu ikabaki nyuma, kisha ikaja mbio na kupitiliza. Mama akasimamisha kwa ghafla, kulabu ikazidi kucheza.

"Mfuate, Mwalimu!" darasa zima likapiga kelele kutoka chini, kiranja akiongoza. "Mfuate!"

"Namfuata!" akajibu, ingawa hawakuweza kumsikia, na akamkosa tena. Alichelewa, akawahi, akapita. Kwenye ubao angeandika kila kitu cha kulabu ile, pembe yake, kani zake na pande zake, bila kufuta hata mara moja. Mkono wake ulikuwa bado mwanafunzi. Kitinda hakushika chuma kumsaidia. Alisimama tu nyuma ya kiti akisema polepole, "Bado... bado... sasa."

Kulabu ikatulia. Haikutulia kabisa, ilitikisika kidogo kama mtu anayekataa jambo ambalo amekwisha kulikubali, lakini ilitulia. Kule chini watoto wakashangilia kana kwamba wamefunga goli. Mwalimu Kani akanyanyuka kitini, akashika pindo la gauni lake lenye oili, na mbele ya karakana nzima akainamisha kichwa kupokea shangwe zao, huku bintiye akicheka mpaka kofia ikamshukia machoni.